Majina ya Keya yapitie Kakamega kwanza

Nishani ya Burma ni nyota ya shaba yenye ncha sita. Mbele ina taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Utepe wake ni wa buluu iliyokoza, una mstari mpana mwekundu katikati na mistari myembamba ya rangi ya machungwa kila upande. Ukiigeuza nyuma unakuta shaba tupu. Hakuna jina, hakuna nambari, hakuna kikosi. Uingereza ilizitoa nyota za Vita vya Pili vya Dunia bila kuziandika majina, kwa askari wake na kwa askari wa Afrika Mashariki vilevile. Kwa hiyo familia ya Isukha, Kabras au Marama iliyoihifadhi nyota hiyo kwenye sanduku la bati tangu miaka ya arobaini inaweza kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwenda Burma. Kwamba mtu huyo alikuwa babu yao, nyota haisemi.

Karatasi ndiyo inayobaki kusema, na karatasi hiyo mara nyingi imekosea.

Ninaliandika hili sasa kwa sababu kazi ya kuyarudisha majina ya askari wetu wa kale imeshika kasi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana kwa ufupi kama CWGC, imekuwa ikishirikiana na Jeshi la Ulinzi la Kenya kupitia faili za zamani za King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee wetu waliiita Keya. Faili hizo zilikaa Nairobi miaka na miaka bila kuguswa. Sasa zinatoa maelfu ya majina ya watu waliokufa katika Vita vya Kwanza na ambao hawakuwahi kuandikwa popote. Ni habari njema, tena iliyochelewa kwa zaidi ya karne. Lakini majina yanayotoka humo ni majina kama karani alivyoyasikia. Yakihamishwa moja kwa moja kutoka kwenye faili hadi kwenye jiwe, tutakuwa tumewakumbuka watu ambao jamaa zao wenyewe hawatawatambua. Ombi langu ni kwamba jina la mtu wa Kakamega lisomwe kwanza mbele ya wazee wa Kakamega, kisha ndipo lichongwe.

Tuanze na namna jina lilivyoingia kwenye faili. KAR iliundwa mwaka 1902. Wilaya yetu wakati huo iliitwa North Kavirondo, na makao yake yalikuwa Mumias, kwa Nabongo Mumia, hadi yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Kijana aliyeletwa na watu wa chifu kuandikishwa alizungumza Luisukha, Luidakho, Lukabras au Luwanga. Mkalimani alimgeuzia maneno kwa Kiswahili. Karani, ambaye huenda alitoka pwani, Nyasa au Uganda, aliandika alichosikia, na afisa wa Kizungu akatia sahihi. Jina lilipita midomo na masikio ya watu wanne kabla ya wino kukauka, na katika hao wanne ni mmoja tu aliyelijua vizuri. Huyo mmoja kwa kawaida hakujua kusoma, kwa hiyo hakuweza kulisahihisha.

Hata angejua kusoma, angelisahihisha kwa tahajia ipi? Kamati ya lugha iliyojaribu kuweka namna moja ya kuandika lugha za Kiluhya ilianza kazi mapema miaka ya 1940, wakati maelfu ya vijana walikuwa wamekwisha kuvaa sare. Sauti ya kh, ambayo sisi huitoa kooni bila kufikiri, ilikuwa kisirani kwa makarani. Makokha akawa Makoka, au Makoha. Khaemba akawa Kaimba, au Haemba. R na l zilibadilishana viti kadiri ya kabila la aliyeshika kalamu. Sauti ya ts ikageuka ch au s.

Mtu anaweza kusema hizo ni herufi tu. Mfano wa Shikuku unatosha kumjibu. Huyo ni mtu wa Butere na jirani zake, wanaotamka sh. Akiandikwa Sikuku, msomaji wa leo anayejua kidogo mambo ya Magharibi atamweka Bungoma, kwa Wabukusu, wanaotamka s. Mjukuu wa Butere atatafuta jina la babu yake kwenye orodha asilione, na kule Bungoma kuna familia ya akina Sikuku itakayoliona na kudhani ni lao. Kosa la herufi moja limempa mtu kaburi katika ukoo usio wake.

Halafu kuna majina yenyewe. Mtu wetu hakuwa na jina moja. Alikuwa na jina la mzee aliyefariki ambalo alipewa utotoni, jina la msimu aliozaliwa, na jina la baba yake nyuma. Nyumba nyingi katika eneo hili zina Wekesa wa mavuno, Wafula wa mvua au Wanjala wa njaa. Wengi walijiunga na jeshi kabla ya kubatizwa, au walibatizwa huko huko vitani na kurudi nyumbani wakiwa Petro na Yohana. Watoto wao walikua wakimjua baba kama Petro. Kitambulisho cha Kenya huru kikamwandika Petro. Jeshi lilimjua mtu mwingine kabisa.

Na wengine walidanganya, tena kwa sababu ninazoziona za haki. Kijana aliyetoroka shule ya misheni, au aliyemkimbia baba aliyemkatalia ruhusa, hakuwa na haja ya kumpa karani jina linaloweza kufuatiliwa. Mwanahistoria Timothy Parsons, aliyewahoji wazee wengi wa KAR kwa ajili ya utafiti wake, ameonyesha pia jinsi vijana walivyobadilisha kabila mbele ya maafisa, kwa sababu maafisa walikuwa na orodha yao ya makabila waliyoyahesabu kuwa ya kivita. Aliyetaka bunduki badala ya jembe alijua aseme anatoka wapi. Miaka themanini baadaye uamuzi huo wa asubuhi moja unamzuia mjukuu kumpata.

Safu ya kabila ina tatizo jingine. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni iliwaita Waluhya na Wajaluo wote Kavirondo, na jina la Waluhya lilianza kushika miaka ya 1930 na 1940. Faili ya mwaka 1916 inayosema mtu ni Kavirondo imetueleza tu kwamba alitoka upande wa ziwa. Wabukusu waliandikwa Kitosh. Wilaya nayo haitusaidii sana. Ile North Kavirondo ilibeba Kakamega, Vihiga, Bungoma na sehemu ya Busia ya leo. Baadaye ikaitwa North Nyanza, ikagawanywa, na mwaka 1963 ukazaliwa Mkoa wa Magharibi. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti. Kwa hiyo faili ikisema Kakamega, mwenye faili anaweza kuwa Mtiriki wa Hamisi au mtu wa Kimilili.

Kinachofaa zaidi katika faili hizo, kwa maoni yangu, ni jina la chifu. Huyo ndiye aliyejulikana kwa hakika, kwa kuwa ndiye aliyetoa watu na kutoza kodi. Ukiona Mulama, unajua ni Marama, na unajua pia ni kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Ukiona Amiani, uko Tiriki. Mtafiti aliyekaa Nairobi au London anaweza kulipita jina hilo bila kuliona lina maana. Mzee wa Butere akilisikia, anajua aanzie mlango upi.

Umri ni shida ya peke yake. Usajili wa lazima wa vizazi kwa Waafrika ulienezwa nchini hatua kwa hatua kati ya 1963 na 1971. Kabla ya hapo mtu alizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka Wazungu walipomiminika Kakamega kutafuta dhahabu, yaani 1931 na 1932, au alihesabiwa kwa rika alilotahiriwa nalo. Karani alimtazama usoni na kuandika mwaka. Mnamo Novemba 2023 Mfalme Charles alipozuru makaburi ya vita ya Kariokor jijini Nairobi, aliwakabidhi wazee wa KAR nishani mpya badala ya zile zilizopotea, na mmoja wao alitajwa kuwa na umri wa miaka 117. Sina nia ya kumbishia mzee yeyote miaka yake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeandikwa miaka kumi zaidi au kumi pungufu anapata taabu kila anapofika kwenye dirisha la ofisi: tarehe ya jeshi haipatani na ya kitambulisho, ya kitambulisho haipatani na ya cheti cha ubatizo, na anayehudumia anaanza kumtazama kama tapeli.

Katika makosa yote, lililo zito kuliko yote ni neno mtoro.

Mwaka 1917 vita vya Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck vilikuwa vimeingia kusini mwa Tanganyika, ambako malori hayakufika na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Waingereza walihitaji migongo ya watu. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza na aliyewajua machifu wetu kwa majina, alipewa kazi ya kuwakusanya watu kwa wingi. Nyanza, ambayo Kakamega ilikuwa ndani yake, ilitoa wanaume wengi mno. Walipewa nambari, wakaingizwa katika kikosi cha wapagazi ambacho jina lake limebaki hadi leo Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Takwimu rasmi za baada ya vita zilihesabu vifo zaidi ya 95,000 miongoni mwa wapagazi wa upande wa Waingereza, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Risasi ziliua wachache. Waliouawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka bila kuiva ndio waliojaza makaburi.

Hebu fikiri mpagazi huyo anaharisha damu njiani, anaachwa chini ya mti, na msafara unaendelea. Jioni wanahesabiwa, hayupo. Karani anaandika nini? Hakuna maiti, hakuna shahidi aliyeulizwa. Ni rahisi kuandika kwamba ametoroka. Na mtoro hana mshahara wa kudaiwa wala fidia ya kifo. Baada ya vita palibaki fedha nyingi za wapagazi ambazo hazikuchukuliwa na mtu. Maafisa wa Kenya, Ainsworth akiwa mmoja wao, walitaka zitumike kwa faida ya Waafrika. Mjadala na London ukaburuzwa miaka, na jamaa za waliokufa hawakupata kitu. Ninaamini kwamba katika zile safu za watoro kuna watu wetu wengi waliokufa wakiwa na mzigo kichwani. Faili inayowaita hivyo si suala la tahajia tena. Imemwita mtu mwoga, na wajukuu wake wana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi.

Wale waliotambuliwa kuwa wamekufa hawakutendewa vizuri zaidi. Wazungu walipata kaburi na jiwe lenye jina. Askari na wapagazi wa Kiafrika walipata sanamu tatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zilizosimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Sanamu ni nzuri, lakini hazina jina hata moja. Ilichukua hadi Aprili 2021, baada ya filamu ya mbunge David Lammy kuamsha watu Uingereza, kwa CWGC kutoa ripoti iliyokiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, hasa Wahindi, Waafrika, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Januari 2025 ukumbusho wenye majina ya zaidi ya wafanyakazi 1,700 wa jeshi, Waafrika Kusini weusi, ulizinduliwa Cape Town. Zamu yetu iko njiani.

Vita vya Pili viliacha karatasi nyingi zaidi, kwa sababu vilichukua watu wa Kenya karibu 98,000 na jeshi lilikuwa limejifunza kuandika. Vijana wetu walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha wakapita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za 1944 wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, hadi mto Chindwin. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikaenda chini na mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya waliopotea yako kwenye ukuta wa makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, na wengine kwenye nguzo za Taukkyan nje ya Yangon. Yapo, na hilo ni jambo. Lakini yaliandikwa kutoka kwenye faili zilezile, kwa masikio yaleyale.

Kwa waliorudi hai, kosa la karatasi lilikuwa na bei ya shilingi. Malipo ya kumaliza vita yalipangwa kwa cheo na kwa rangi, Mwafrika akiwekwa chini kabisa. Juu ya dhuluma hiyo, mtu aliyeandikwa koplo alipokuwa sajini, au aliyepunguziwa mwaka mmoja wa utumishi, alipunjwa mara ya pili. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 ili maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola wapate milo miwili kwa siku. Hapo tena swali la kwanza lilikuwa lilelile: thibitisha kwamba ulitumikia.

Na mzee asiye na karatasi iliyonyooka anajibiwaje? Hapa nataka kusema wazi kuhusu desturi moja inayoniudhi. Ofisi nyingi nchini, mtu akiwa na majina mawili yanayotofautiana, humtuma kwa wakili akaape hati kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Au anashauriwa abadilishe jina lake kisheria, litangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ili lilingane na la faili. Mzee analipa wakili, analipa nauli, na mwisho wa yote ni yeye aliyebadilika. Kosa la karani wa 1942 limeachwa lilivyo, sasa likiwa na muhuri. Kiapo cha namna hiyo kinafaa kumvusha mtu kwenye dirisha la benki siku hiyo. Kwa rekodi ya jeshi hakitoshi. Faili ndiyo inayopaswa kusogea kumfuata mtu.

Sheria iko upande wake, ingawa ni wachache wanaoitumia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na aya yake ya pili inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi ndani ya siku 21. Jeshi linaweza kukataa kwa hoja ya usalama wa taifa, lakini sheria hiyohiyo inachukulia kwamba habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 haizuiliwi tena, mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Faili ya mpagazi wa 1917 haiwezi kuwa siri ya ulinzi. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mtu anaweza kuuliza kama haki hiyo inamfikia mjukuu, maana aliyekosewa amekufa. Mimi naona inamfikia. Jina la babu ndilo jina la ukoo, na kwetu mtoto bado anapewa jina la mzee aliyetangulia. Kumwandika babu mtoro ni kuandika jambo linalomgusa aliyepewa jina lake.

Familia inayotaka kuanza ianze nyumbani. Kama kuna nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza, itazameni ukingoni, kwa mwanga wa pembeni: tofauti na nyota za vita vya pili, hiyo kwa kawaida ilipigwa nambari, cheo, jina na kikosi. Nambari hiyo ina thamani kuliko jina, kwa sababu namba haina lafudhi. Hati ya kuachishwa jeshi, hata ikiwa imeliwa nusu na mchwa, isibanwe kwa gundi wala kupelekwa mahali ikiwa ya asili. Ipigwe picha pande zote mbili. Kisha nendeni kanisani. Misheni ya Marafiki ilifika Kaimosi mwaka 1902, na Waanglikana wakafungua Butere mwaka 1912. Wakatoliki wa Mill Hill nao walikuwa Mukumu miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne. Vitabu vya ubatizo vya Waanglikana na Wakatoliki huandika jina la zamani na jina jipya kwenye mstari mmoja, pamoja na jina la baba. Kwa aliyeondoka akiwa Makokha na kurudi akiwa Petro, huo mstari mmoja ndio daraja lake.

Baada ya hapo ni wazee. Liguru, yaani mzee wa kijiji, na chifu wanajua nani bado ana kumbukumbu. Maneno yao yaandikwe mapema, kwa lugha yao, kwa tarehe na kwa mashahidi, yakitaja ukoo, chifu wa wakati ule, rika la tohara na watu walioondoka naye siku moja. Hili la mwisho hudharauliwa, nami nalipa uzito mkubwa. Vijana wa kijiji kimoja waliandikishwa pamoja, kwa hiyo nambari zao mara nyingi hukaribiana. Ukipata faili ya mmoja ambaye jina lake liliandikwa sawasawa, huenda mwenzake yuko kurasa chache mbele au nyuma, akijificha chini ya tahajia ya ajabu. Mjini Kakamega kuna kituo cha kumbukumbu cha Idara ya Nyaraka za Kitaifa chenye majalada ya utawala wa zamani. Ripoti za wilaya na barua za machifu zinaweza kuthibitisha mwaka na eneo hata zisipomtaja mtu kwa jina.

Ombi lenyewe liandikwe kwa Wizara ya Ulinzi ikiwa ni rekodi ya utumishi. Ikiwa mtu alifia vitani, liandikwe pia kwa CWGC, ambayo hupokea marekebisho yenye ushahidi wa maandishi kwa waliofariki kati ya Agosti 4, 1914 na Agosti 31, 1921, na kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947. Msiombe tahajia ya zamani ifutwe. Iachwe ilipo, na jina sahihi liandikwe kando yake pamoja na sababu. Mtafiti wa kesho atahitaji zote mbili, na familia nyingine inayomtafuta ndugu yake kwa tahajia ileile mbovu itahitaji kujua kwamba huyu amekwisha kupatikana na si wao.

Maana migogoro itakuwepo. Nyumba mbili zitadai jina moja. Wengine watasikia fununu za fidia na kuja na babu wa kubuni. Hilo halinitishi hata kidogo. Baraza la kijiji limezoea kupima maneno ya namna hiyo katika kesi za mashamba, na mzee anayedai alikuwa Burma huulizwa maswali ambayo hakuna afisa wa Nairobi angeyafikiria. Nchi ilipitisha Sheria ya Maveterani wa Jeshi mwaka 2022 ili kuwatambua na kuwahudumia wanajeshi waliostaafu. Ikiwa tunaweza kujenga mfumo wa kumtambua aliyetoka Somalia juzi, tunaweza kuweka mlango wa pembeni kwa aliyetoka Tanganyika mwaka 1918.

Ninachowaomba Wizara ya Ulinzi na CWGC ni kitu chepesi kuliko mnara. Wachapishe orodha ya majina yote ya North Kavirondo kama yalivyo kwenye faili, pamoja na safu zake zote: jina la baba, chifu, eneo, kikosi, nambari, tarehe na mahali pa kifo, na hata wale walioandikwa watoro. Isomwe kwenye mabaraza ya machifu, Malava, Lugari, Shinyalu, Ikolomani, Khwisero, Butere na Mumias, na pia Vihiga, Bungoma na Busia, kwa kuwa wilaya ile ilikuwa moja. Isomwe kwa sauti, na mtu anayeitamka kh. Ibandikwe kwenye Huduma Centre na kwenye makanisa na misikiti, na watu wapewe miezi ya kutosha kuleta masahihisho kabla ya fundi kuanza kuchonga. Machifu wana mabaraza tayari, makanisa yana vitabu vya ubatizo, kituo cha kumbukumbu kipo mjini. Orodha iko Nairobi.